Historia ya JROTC, mpango wa kadeti katika sekondari za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

JROTC ni kitu gani?

Ni somo la kuchagua katika shule za sekondari za Marekani, na gharama zake hubebwa kwa pamoja na jeshi na shule. Kirefu chake ni Junior Reserve Officers' Training Corps, yaani Kikosi cha Vijana cha Mafunzo ya Maofisa wa Akiba. Mwanafunzi anaweza kulisoma kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Ndani yake kuna uongozi, uraia, historia, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, mazoezi ya mwili na kwata. Kwa kawaida siku moja katika wiki ni ya sare na ukaguzi. Kwenye vikosi vya Jeshi la Nchi Kavu miaka hiyo minne huitwa LET 1, LET 2, LET 3 na LET 4, ambapo LET ni Leadership Education and Training, yaani elimu na mafunzo ya uongozi.

Jina linatokana na sheria ya 1916, na linapotosha. Hakuna anayehitimu JROTC akawa ofisa wa akiba.

Basi kadeti ni mwanajeshi au si mwanajeshi?

Si mwanajeshi, na hajawahi kuwa. Jibu hili lishikwe vizuri, kwa sababu makosa mengi tunayoyasahihisha katika historia za shule yanatokana na kulisahau. Kadeti haapi kiapo cha kujiunga na jeshi, halipwi mshahara, hawezi kupelekwa vitani, na akimaliza shule hadaiwi hata siku moja ya utumishi. Cheo chake cha koplo, sajini au kanali ni cha kikosini tu.

Faida moja ya kijeshi ipo. Anayeamua mwenyewe kujiunga na jeshi baada ya kumaliza miaka ya JROTC inayotakiwa huanza na daraja la mshahara lililo juu ya lile la mgeni kabisa. Kwa aliyemaliza miaka mitatu, mara nyingi huwa ni E-3, yaani la tatu kutoka chini. Masharti hutofautiana kati ya matawi, na ni vema yawe yameandikwa kwenye mkataba kabla ya kutia saini. Ahadi ya mdomo ya afisa uandikishaji isitegemewe.

Mpango huu ulianza lini?

Inategemea unahesabu nini, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Ukihesabu wazo la kumfundisha raia elimu ya kawaida pamoja na ya kijeshi, unarudi hadi 1819, Kapteni Alden Partridge alipofungua chuo chake Norwich, Vermont. Wazo hilo lilipata nguvu ya sheria 1862 kupitia Sheria ya Morrill, iliyozipa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo na kuvitaka vifundishe pia mbinu za kijeshi. Yote haya yalihusu vyuo.

Ukihesabu vijana wa sekondari kupiga kwata kwa sare, vikosi vya namna hiyo vilikuwepo muda mrefu kabla ya JROTC. Washington, D.C. ilikuwa na kadeti wa sekondari katika miaka ya 1880. Vikosi hivi vilikuwa vya shule au vya mji. Sare zilinunuliwa na wazazi, bunduki ziliazimwa, na mwalimu aliweza kuwa mwanajeshi wa zamani aliyependa kazi hiyo.

Ukihesabu JROTC yenyewe, tarehe ni moja: 3 Juni 1916, Rais Woodrow Wilson alipotia saini Sheria ya Ulinzi wa Taifa. Sheria hiyo iliunda ROTC yenye ngazi mbili, ya juu kwa vyuo na ya vijana kwa sekondari. Hakuna kikosi cha JROTC kilichokuwepo kabla ya siku hiyo. Shule inayosema "JROTC yetu ni ya mwaka 1897" inamaanisha kwamba kikosi chake cha kadeti ni cha 1897, kisha baadaye kikapokewa JROTC. Heshima ya kikosi haipungui kwa kutaja tarehe zote mbili.

Shule gani ilikuwa ya kwanza?

Inayotajwa zaidi ni sekondari ya Leavenworth, Kansas, mwaka 1917. Shule nyingine nazo hudai nafasi hiyo. Unapokutana na dai kama hilo, uliza linahesabiwa kwa tarehe ipi: ya maombi, ya kuidhinishwa na Idara ya Vita (wizara ya jeshi ya wakati ule), au ya mkufunzi kuripoti kazini. Tarehe hizo tatu zinaweza kuachana kwa miezi mingi.

Tunasikia habari za "Mpango wa Wyoming". Ulikuwaje?

Huu unastahili kujulikana kuliko unavyojulikana. Mwaka 1911 Luteni Edgar Z. Steever, aliyepangiwa kuwafundisha wanamgambo wa jimbo la Wyoming, alianzisha kikosi cha kadeti katika sekondari ya Cheyenne. Ulikuwa wa hiari, na hapo ndipo ulipotofautiana na desturi ya wakati ule ya kuwapanga wavulana wote mstarini wapende wasipende. Steever aliwagawa kadeti katika timu zenye uwezo unaokaribiana, akazishindanisha. Kulikuwa na shabaha, na kulikuwa na kuparamia ukuta: timu nzima inatakiwa ipite juu ya ukuta mrefu wa mbao, wa kwanza wakisukumwa kutoka chini na wa mwisho wakivutwa kutoka juu. Muda unahesabiwa mpaka wa mwisho amevuka. Timu yenye mwenye mbio mmoja na wazembe saba hushindwa kila mara.

Mfano wa Cheyenne ulizungumzwa sana nchini katika miaka iliyotangulia sheria ya 1916. Wanaotaka kuelewa kwa nini timu za leo za Raider, zinazoshindania kamba, mbio na kubeba machela, zinapendwa kuliko gwaride, waanzie hapo.

Sheria ya 1916 ilizitaka shule zifanye nini?

Wavulana wasiopungua 100 wenye afya, raia wa Marekani, umri usiopungua miaka 14, na mafunzo ya wastani wa saa tatu kwa wiki katika mwaka wa masomo. Serikali ilitoa mkufunzi, silaha na vifaa. Shule ilitoa darasa, uwanja na muda kwenye ratiba.

Kilichoharibu mwanzo ni kalenda. Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza Aprili 1917, miezi kumi tu baada ya sheria, na maofisa waliokuwa wafundishe shuleni wakahitajika vitani. Ndiyo maana vikosi vingi vina kumbukumbu za kuanzia 1919 na kuendelea, hata pale ambapo shule iliomba mapema zaidi.

Vijana Weusi walikuwa na nafasi gani?

Walikuwa na vikosi vyao, kwa sababu shule zenyewe zilitengwa kwa rangi. Washington, D.C. ndiyo mfano ulio wazi zaidi: sekondari ya M Street, ambayo baadaye ikawa Dunbar, ilikuwa na kadeti wake tangu karne ya 19. Benjamin O. Davis, aliyepiga kwata hapo akiwa mwanafunzi, mwaka 1940 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia ujenerali katika Jeshi la Nchi Kavu. Mtafiti aangalie kwamba mji mmoja ungeweza kuwa na madaftari mawili, moja la shule za Wazungu na jingine la shule za Weusi, na mara nyingi ni lile la kwanza tu lililochapishwa magazetini. Ukiishia kwenye gazeti kubwa la mji, utaandika nusu ya historia na kudhani umeimaliza.

"Shule ya 55c" ni nini? Na NDCC?

Ni nasaba nyingine, na inachanganywa na JROTC karibu kila mahali. Sheria ya ulinzi iliporekebishwa 1920, kifungu cha 55c kiliruhusu jeshi kuziazima silaha na vifaa shule zilizokuwa na mafunzo ya kijeshi bila kuwa katika JROTC. Shule hizo zilijitafutia mwalimu na kumlipa zenyewe. Baadaye mpango wa namna hiyo ukajulikana kama National Defense Cadet Corps, yaani NDCC.

Kwenye picha hutaona tofauti. Sare zinafanana, kwata ni ileile. Tofauti iko kwenye fedha: nani anamlipa mkufunzi. Shule nyingi zilianza upande huu zikisubiri nafasi ya JROTC, kwa hiyo ukikuta kikosi kinachoonekana hai kabisa lakini hakimo katika orodha ya JROTC ya mwaka huo, angalia 55c au NDCC kabla ya kusema orodha ina kosa.

Kwa nini 1964 hutajwa kama mwaka wa kuzaliwa upya?

Kwa sababu mpango ulikuwa karibu kufa. Waziri wa Ulinzi Robert McNamara aliona JROTC haiongezi chochote kwenye uwezo wa kijeshi huku ikiwashika wanajeshi walio kazini, akapendekeza iondolewe na vikosi vihamie NDCC. Kwa hesabu za kijeshi tupu alikuwa na hoja. Wazazi, wakuu wa shule na wabunge walishika msimamo wao, na Bunge likageuza meza. Tarehe 13 Oktoba 1964 ilisainiwa sheria ya kuihuisha ROTC, ambayo badala ya kufuta ilipanua. Kuanzia 1966 ziliweza kuongezwa hadi nafasi 200 kwa mwaka, ukomo ukiwa vikosi 1,200, na matawi yote ya jeshi yakaingia, wakati awali karibu mzigo wote ulikuwa wa Jeshi la Nchi Kavu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ya mkufunzi. Mwanajeshi aliye kazini alianza kupisha mstaafu aliyeajiriwa na shule. Fomula ya malipo iliyotumika kwa miongo mingi ni hii: chukua mshahara na posho ambazo mstaafu angelipwa kama angekuwa bado kazini, toa pensheni yake, na tofauti hiyo ndiyo kiwango cha chini ambacho shule inamlipa. Kisha jeshi hurudishia shule nusu. Kwa mfano wa hesabu tu, angelipwa dola 6,000 kwa mwezi na pensheni ni dola 2,500. Tofauti ni 3,500, na shule inarudishiwa 1,750. Kosa la wahasibu wa wilaya lilikuwa kusahau kwamba pensheni ikipanda, tofauti hushuka, hivyo hesabu ya mwaka jana haifai mwaka huu. Kosa la pili ni kudhani kwamba tofauti hiyo ndiyo mshahara wote. Ilikuwa sakafu, na wilaya iliweza kuongeza juu yake kwa fedha zake.

Wasichana waliingia lini?

Kama kadeti kamili wanaohesabiwa kisheria, 1973. Kabla ya hapo wapo kwenye picha, wamevaa vizuri na kushika maua au bendera, wakiitwa wafadhili wa kikosi. Ilikuwa nafasi ya heshima isiyo na cheo cha amri. Katika baadhi ya shule wasichana walianza kukaa darasani kidogo kabla ya sheria, lakini hawakuingia kwenye idadi ya wanafunzi 100 iliyohitajika. Sheria ilipobadilika, shule nyingi zilizokuwa zikihangaika kufikisha idadi zilipata pumzi. Sababu hii haitajwi sana, nasi tunaiona nzito.

Mwaka 1992 kulitokea nini?

Machafuko ya Los Angeles ya Aprili na Mei. Jenerali Colin Powell, wakati huo Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi na yeye mwenyewe zao la ROTC ya chuo, alisukuma JROTC ipelekwe zaidi katika shule za mijini zenye shida. Rais George H. W. Bush alikubali, na lengo likawa kutoka vikosi takriban 1,500 hadi 2,900. Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1993 ikapandisha ukomo hadi 3,500.

Madhumuni ya mpango, kama yalivyo katika sheria, ni kujenga uraia, utumishi kwa nchi, uwajibikaji binafsi na hali ya kujiona umetimiza jambo. Neno "ofisa" halimo. Yaani kilichoanza 1916 kama chanzo cha maofisa wa akiba kilikuwa kimekuwa, kwa maandishi ya sheria yenyewe, somo la malezi. Ukisoma jarida la shule la 1925 na la 1995 kwa miwani moja, utaelewa vibaya mojawapo.

Matawi mengine ya jeshi je?

Jeshi la Majini, Jeshi la Anga na Wanamaji wa Marine waliingia kupitia sheria ya 1964. Walinzi wa Pwani walianza Miami, Florida, mwaka 1989. Kikosi cha Anga za Juu kilipata vikosi vyake 10 vya kwanza 2021, vyote vikigeuzwa kutoka vya Jeshi la Anga.

Masharti ya sasa ya kufungua kikosi ni yapi?

Wanafunzi 100 au asilimia 10 ya wanafunzi wote wa shule, idadi iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Shule ya wanafunzi 640 inahitaji kadeti 64. Wanaohesabiwa ni raia, wenye utaifa wa Marekani bila uraia kamili (kama waliozaliwa Samoa ya Marekani), na wageni wenye ukaazi wa kudumu. Shule lazima iwe na darasa, mahali salama pa kuhifadhi silaha na vifaa, na eneo la kwata palepale au jirani. Chumba cha kuhifadhia ndicho kinachokwamisha maombi mara kwa mara: mlango, kufuli, na nani anayeshika funguo.

Bunduki zinazoonekana kwenye gwaride zinafyatua?

Za kwata zimelemazwa, hazifyatui. Za shabaha ni bunduki za hewa zenye risasi ya milimita 4.5, zinazopigwa kwa umbali wa mita 10 katika mikao mitatu: kulala, kupiga goti na kusimama. Zamani hali ilikuwa tofauti. Shule nyingi zilikuwa na uwanja wa shabaha chini ya jengo na zilipiga risasi halisi za kipenyo kidogo.

Mpango umewahi kupingwa?

Tangu mwanzo, na wapinzani wameacha nyaraka nzuri kuliko watetezi. Kati ya vita viwili vikuu, makanisa na vyama vya amani vilipinga mafunzo ya lazima shuleni na vyuoni. San Francisco, bodi ya shule ilipiga kura 2006 kuiondoa JROTC hatua kwa hatua, wapiga kura wakaonyesha kuiunga mkono 2008, na 2009 bodi ikairejesha.

Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi mara mbili. Wa kwanza ulihusu wakufunzi walioshtakiwa kwa makosa ya ngono dhidi ya wanafunzi, wasiopungua 33 katika miaka mitano. Wa pili ulihusu maelfu ya wanafunzi walioingizwa darasani bila kuchagua. Mambo haya ni sehemu ya historia na yaandikwe. Kwa mzazi, la kufanya ni rahisi: angalia ratiba ya mtoto wiki ya kwanza, na kama JROTC imewekwa bila kuombwa, andika barua kwa mshauri wa masomo kabla ya muda wa kubadilisha masomo kwisha. Muda huo ukipita, mtoto anaweza kukwama muhula mzima.

Babu yangu alikuwa kadeti. Nitapata wapi faili lake la kijeshi?

Halipo, kama hakujiunga na jeshi baadaye. Watu hupeleka maombi St. Louis, ziliko kumbukumbu za wanajeshi, wakijibiwa hakuna kitu hudhani faili liliungua katika moto wa 1973. Moto huo uliteketeza kweli mafaili mengi ya Jeshi la Nchi Kavu, ila la kadeti halikuwahi kufunguliwa. Tafuta upande wa shule: kitabu cha mwaka, rejista ya alama, cheti cha kumaliza mafunzo, na programu za gwaride la mwisho wa mwaka.

Nataka kuandika historia ya kikosi cha shule yetu. Nianzie wapi?

Anza na vitabu vya mwaka vya shule, vyote, kwa mfululizo. Usirukie vile vya maadhimisho. Kwa kila mwaka andika mambo manne: jina la kikosi neno kwa neno kama lilivyochapishwa, jina na cheo cha mkufunzi, idadi ya kadeti, na silaha zilizo kwenye picha. Ukurasa unaweza kuitwa kadeti mwaka mmoja na "sayansi ya kijeshi" unaofuata, na mpito huo ndio unaoutafuta.

Kisha nenda kwenye kumbukumbu za vikao vya bodi ya shule. Humo mna kura ya kuomba kikosi, dhamana ya vifaa vya serikali na ugomvi wa bajeti. Magazeti ya zamani yaliyowekwa kwenye dijitali na Maktaba ya Bunge la Marekani husaidia kupata mwezi kamili.

Kwa nyaraka za jeshi, Hifadhi ya Taifa ina fungu (Record Group) namba 394 kwa miaka ya 1920 hadi 1942, na fungu namba 407 la ofisi ya Adjutant General, mkuu wa utawala na kumbukumbu za jeshi, kuanzia 1917. La 394 limepangwa kwa maeneo tisa ya kijeshi ya wakati ule, na si kwa jimbo, kwa hiyo barua yako itaje eneo. Kansas, kwa mfano, ilikuwa katika eneo la saba. Taja pia jina ambalo shule ilitumia wakati ule. Shule iliyobadilishwa jina 1958 haitaonekana kwa jina jipya kwenye jalada la 1931.

Picha haina tarehe. Inaweza kusema nini?

Angalia bunduki kwanza. Krag ina kisanduku cha risasi kilichotokeza ubavuni kulia, chenye kijimlango. Springfield ya 1903 haina. M1 ina silinda ya gesi chini ya mdomo, nayo haikuwepo jeshini kabla ya 1936. Bunduki inakupa mwaka wa mapema kabisa unaowezekana. Haikupi wa mwisho, kwa sababu shule zilipewa silaha ambazo jeshi limekwisha kuziacha.

Kisha mabega au kola. Katika mpangilio wa Jeshi la Nchi Kavu unaotumika leo, kadeti luteni wa pili ana kiduara kimoja, luteni wa kwanza viwili, kapteni vitatu. Meja ana umbo moja la almasi, luteni kanali mawili, kanali matatu. Ukiona almasi tatu umempata kiongozi wa kikosi kizima, na jina lake ndilo rahisi kulikuta gazetini.

Mwisho, mkufunzi. Kama maelezo yanasema ni mstaafu, usikimbilie kuandika "baada ya 1964". Hata sheria ya 1916 iliruhusu wastaafu kupangiwa shule. Linganisha na bunduki, na kama kuna msichana mwenye cheo mstarini, huenda picha ni ya miaka ya 1970 au baadaye.

Kikosi chetu kilifungwa, kikafunguliwa tena. Tuandike mwaka upi kwenye bendera ya maadhimisho?

Andika yote: mwaka wa kikosi cha kadeti kama kilikuwepo, mwaka wa kuidhinishwa JROTC, na miaka ya kufungwa. Kama nafasi inatosha mwaka mmoja tu, weka ule wa kuidhinishwa, kwa kuwa ndio wenye karatasi, na ule wa kadeti wa mwanzo uandikwe ndani ya programu ya sherehe pamoja na chanzo chake, ukurasa na mwaka wa kitabu.